Ubao wa Mstari wa Kumi na Nne

Kila anayefika kwangu huuliza kwa nini nina kigoda kilichopasuka pale sebuleni, na kwa nini hata watoto hawaruhusiwi kukikalia. Nimechoka kueleza. Huu hapa ukurasa wa daftari langu la miaka ya themanini, mwaka ule wa ukame. Nimeunakili kama ulivyo, hata pale ninapojiaibisha.

Tawa, Alhamisi, alasiri

Jua la leo halina huruma. Hakuna wingu hata moja, na vumbi la gari la mgeni bado limetanda kwenye ua wa mkonge.

Nina hasira. Naandika hivyo kwanza, nisije nikaanza kujifanya mtu wa busara huko mbele.

Bwana Njoroge, afisa wa mambo ya kale, amekuja na amekwenda. Alitoka Nairobi alfajiri, akakata kona pale Salama kwenye barabara kuu, akapanda milima na gari la serikali mpaka hapa kwa wazazi wangu kuja kuona ubao mmoja tu. Hakumaliza hata saa moja. Jumatatu meli ya kuchimba inaanza kazi kule Pwani, na itaanzia pale pale ubao ulipotoka. Chini ya matope yale kuna chombo kizima cha zamani. Kitasagwa pamoja na mchanga na kumwagwa mbali baharini, kwa sababu leo sikuwa na kitu cha kumwonyesha Bwana Njoroge isipokuwa kigoda.

Kigoda kizuri sana. Hilo ndilo linaloniuma.

Wacha nianze mwanzo, maana siku nyingine nikisoma hapa nitajaribu kusahau ni nani aliyeanza kukosa.

Wenye bandari wanataka njia ya kuingilia meli ichimbwe iwe na kina kirefu zaidi. Kabla ya kuchimba, lazima watu wapite chini wakaangalie kama kuna vitu vya kale: vyombo vilivyozama, nanga, mitungi. Kazi hiyo ilipewa kampuni ndogo ya mtu tuliyemwita Injinia, na mimi nikaajiriwa kuwa karani wa kumbukumbu. Mimi, binti wa Tawa, nisiyejua kuogelea. Maji mengi niliyokuwa nimeyaona kabla ya hapo ni ya mto wetu siku moja ulipofurika, na siku hiyo tulikimbia.

Kazi yenyewe haikuwa ya macho. Maji ya mkondo ule ni tope tupu, mpiga mbizi haoni kiganja chake. Kwa hiyo kamba hulazwa chini, na mpiga mbizi huifuata akipapasa kulia na kushoto. Akifika mwisho, kamba inasogezwa kidogo, anaanza tena. Kila kamba ni mstari, na kila mstari una ukurasa wake. Mimi nilikaa kwenye boti, mkono wa kushoto nimeshika kamba ya ishara, wa kulia kalamu. Akivuta mara moja, yuko salama. Akivuta mara mbili, ameshika kitu.

Mistari kumi na mitatu niliandika mchanga, tope, tairi, mnyororo, mchanga.

Mstari wa kumi na nne, Mzee Bakari, mpiga mbizi wetu, alivuta mara mbili, akatulia, akavuta mara mbili tena. Alipopanda alikuwa amekumbatia ubao mweusi, urefu wa mkono wangu, upana shubiri moja na nusu. Ukingoni ulikuwa na matundu yaliyopangika, na ndani ya matundu kulikuwa na mabaki ya kamba za makumbi ya nazi, zimekazwa kwa vijiti vidogo.

“Mwanangu, tazama,” aliniambia. “Huu umeshonwa, hauna msumari hata mmoja. Babu zangu wakisimulia mitepe, vyombo vya kushonwa kwa kamba, mie nikidhani ni maneno ya wazee tu.” Akaniambia chini ziko nyingine nyingi, zimelaliana.

Niliandika yote. 

Injinia aliuangalia ubao kesho yake asubuhi, akiwa amesimama. Akauliza nani mwingine ameuona. Halafu akasema urudishwe majini, kwa sababu wataalamu wakija na brashi zao, meli ya kuchimba itasubiri miezi, na yeye hatapewa tena kazi bandarini. Mimi aliniambia daftari limelowa, linakiliwe upya, safi, na mstari wa kumi na nne uwe mchanga.

Nikanakili.

Ningependa kuandika kwamba alinitisha. Hakunitisha. Aliniahidi nafasi kwenye kazi yake inayofuata, na nikakumbuka nilivyokaa miaka miwili nyumbani na vyeti vyangu ndani ya bahasha. Mwisho wa ripoti kuna karatasi inayosema hakuna kitu chochote cha kale kilichopatikana. Chini ya sahihi yake iko yangu.

Lakini nilijiona mjanja. Mzee Bakari hakuutupa ubao mbali, aliufunga chini ya gati. Kabla sijatia sahihi nilikuwa nimekwisha kuutoa, nimeuviringisha kwa magunia mabichi na kuuleta hadi Salama kwa lori la mtu wa kwetu, na kutoka hapo hadi Tawa. Mzee Bakari alinionya vizuri: mti uliozoea maji ukikauka unapasuka, uweke kwenye maji matamu, yabadilishwe mara kwa mara mpaka chumvi itoke. Kwa hiyo nilitia sahihi uongo huku moyoni nikisema ukweli uko nyumbani, ndani ya pipa.

Pipa la maji. Mwaka huu. Ukambani.

Sasa hivi mto wetu ni mchanga mtupu. Mama huchimba kisima mchangani, anaingia mpaka kifuani, anasubiri maji yajikusanye, anachota kwa kibuyu. Foleni inaanza kabla jogoo hajawika. Ndama alikufa Julai. Na mimi nikaja likizo ya siku mbili, nikaweka ubao ndani ya pipa nyuma ya jiko, nikawaambia wazazi wangu: msiuguse, maji yabadilishwe kila siku ya tatu, ni kitu cha kazi.

Baba aliinama akaunusa. Amechonga mbao miaka arobaini, alijifunza kwa wachongaji wa Wamunyu akiwa kijana, na anaujua mti kwa harufu kabla ya kuutia tezo. Aliniuliza, “Mwaitu, huu ni mti gani?” Huniita hivyo, yaani mama yangu, kwa kuwa nina jina la mama yake.

Nikamjibu, “Ni mambo ya ofisi, Baba.”

Hayo ndiyo maelezo yote niliyotoa. Nilidhani hawangeelewa. Nilirudi Pwani, nikamwandikia barua Bwana Njoroge kwa siri, nikasubiri. Jibu lilipokuja, kwamba atafika Alhamisi hii, niliomba ruhusa nikapanda gari kuja nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyemzidi tajiri yake akili.

Nilifika jana mchana. Pipa lilikuwa limepinduliwa, na kuku wamelala kivulini mwake.

Baba alitoka nje akitabasamu, jambo asilolifanya mara nyingi tangu meno ya mbele yaanguke. Akanikalisha. Akaleta kitu kimefunikwa kwa kitambaa cha Mama cha kanisani, akakiweka mbele ya miguu yangu, akafunua. Kigoda cha miguu mitatu, kile tunachoita kitumbi. Kimepigwa msasa mpaka kinang'aa, na juu yake waya wa shaba umezungushwa kwa mapambo ambayo sijaona akiyafanya tangu nikiwa mtoto, maana macho yake hayafai tena kwa kazi ndogo ndogo. Kilikuwa na nyufa mbili kubwa, na hata hizo alikuwa amezishona kwa waya kwa uzuri.

Asiye wa huku hawezi kujua maana yake. Kitumbi cha namna hiyo si cha mwanamke. Ni cha mzee anayekaa barazani na kuamua kesi, na anapokwenda kukaa na wenzake hukibeba mwenyewe. Baba hana chake. Hakuwahi kuitwa.

“Wewe sasa unakaa na watu wa serikali,” alisema. “Mtu wa baraza huenda na kiti chake.”

Halafu akaeleza, polepole, jinsi alivyouokoa mti wangu. Kwamba aliona umeanza kuoza ndani ya pipa. Kwamba Mama alikuwa anatoka mtoni mgongo umepinda, na kinamama wenzake wakimuuliza maji yote hayo ni ya nini. Mama yangu, anayeongoza maombi ya Jumatano, alikuwa akiwaambia ni ya ndama. Ndama aliyekufa Julai. Basi Baba akautoa, akauweka kivulini chini ya magunia kama wanavyokausha wachongaji, akaunyima jua, akawa anaufunua kidogo kidogo. Nje ulikuwa laini kama ugali wa jana, akachonga mpaka akafika kwenye mfupa, miguu akaitoa kwenye mti wa hapa kwetu. Ukingo wenye matundu aliukata, maana kiti hakiwezi kuwa na matundu. Ukaingia jikoni.

Nilimwambia, “Umeniharibia.”

Aliuliza, “Nimeharibu nini?”

Nikainuka, nikatoka uani. Nilitembea hadi sokoni nikarudi bila kununua hata kiberiti. Sikumwambia kitu usiku kucha. Naandika hili kwa sababu hakuna mtu mwingine atakayeliandika.

Leo sasa. Bwana Njoroge si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenisaidia. Baba alimpokea mlangoni kwa Kiswahili chake cha hapa kwetu: “Karibu sana, mtu ya serikali. Hii kiti nilitengenezea huyu msichana yangu. Mbao ni yake, mikono ni yangu.” Akacheka. Bwana Njoroge naye akacheka, kwa adabu, akaingia ndani.

Tukaketi mezani, na hapo tukaanza kuongea Kiingereza.

Hakuna aliyetulazimisha. Ni mimi niliyeanza. Sikutaka Baba asikie ninavyoeleza kosa lake, au labda sikutaka asikie langu. Baba alisimama kidogo pale mlangoni akisubiri kuulizwa kitu. Alipoona haulizwi, alitoka akaketi chini ya ukuta wa nje na kofia yake magotini.

Bwana Njoroge alikigeuza kigoda juu chini. Alitafuta matundu. Alikipigapiga kwa kucha. Akaniambia kwamba anaamini huu ni mti wa zamani, lakini imani yake haisimamishi meli. Mti wowote unaweza kutoka popote. Angeuona ushonaji, hata tundu moja lenye kamba yake, angeingia ofisini kwa mkubwa wake leo hii.

Kisha akafungua mkoba wake, akatoa nakala ya ripoti, akaiweka mezani, akanionyesha sahihi. Aliuliza kama ni yangu.

Nilisema ni yangu.

Akauliza kama nilikuwa naandika uongo wakati ule au sasa. Hakuuliza kwa ukali. Mimi nikaanza kumweleza habari za Injinia, jinsi alivyo, alivyosema, alivyosimama. Nilieleza sana. Alinisikiliza, akatazama saa, akanywa chai yake yote kwa heshima ya Mama, akaondoka. Alisema yuko ofisini kesho mpaka saa kumi na moja kama nitakumbuka kitu kingine.

Vumbi lake lilipotua, Mama alikuja kukusanya vikombe. Aliniuliza, bila kunitazama, “Huyo mtu alikuwa anatafuta nini?”

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilisema tu. Kwa Kikamba, tangu mwanzo. Kwamba zamani watu wa Pwani walikuwa wakishona vyombo vyao kama tunavyoshona kiondo. Kwamba kimoja kilizama mlangoni mwa bandari, na hakuna aliye hai aliyewahi kukiona kizima kwa macho yake. Kwamba yale matundu ndiyo yalikuwa shahidi wangu. Kwamba Jumatatu kinasagwa. Na kwamba mimi niliandika kwa mkono wangu kuwa hakipo. Sikujua kama kuna neno la Kikamba la mambo haya, lakini yote yalisemeka. Hayakuchukua muda mrefu kuliko kikombe cha chai.

Baba alikuwa amesogea mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaingia chumbani, nikasikia akivuta sanduku chini ya kitanda.

Alirudi na mkebe wa majani ya chai.

Ndani kulikuwa na vijiti. Vidogo, vyeusi, kila kimoja kimechongwa kwa ncha, na vingine bado vimeng'ang'aniwa na nyuzi za makumbi. Alikuwa amevitoa kimoja kimoja kabla ya kukata ukingo. Na kulikuwa na fimbo nyembamba ya kipimo, ile anayotumia kazini, amekata alama kumi na moja juu yake.

“Matundu,” alisema. “Nilitaka kujua kama fundi alipima au alikisia. Alipima. Halafu yametobolewa kwa upande, si wima, ili kamba isionekane nje ikakatwa na mwamba. Na vijiti si mti mmoja na ubao, ni mti mlaini zaidi, ukilowa unavimba unabana. Huyo alikuwa mtu.”

Nilimuuliza kwa nini hakusema haya wakati mgeni yupo.

“Mlikuwa mnaongea mambo ya ofisi.”

Hakusema kwa kunichoma. Ndiyo maana nimechomeka.

Nilimuuliza kwa nini aliviweka. Akashangaa swali lenyewe. Akasema kazi ya fundi mwingine haitupwi motoni, hata kama humjui. Ukingo ulikuwa mti tu, lakini vijiti vilikuwa mikono ya mtu. Halafu akaongeza, sasa akitazama nje, kwamba kama ningemwambia ule ubao ni shahidi, angelichotea lile pipa maji yeye mwenyewe, usiku na mchana, na mgongo wa Mama ungepona.

Kumbe kwa miezi mitatu nimekuwa nikimlaani Injinia kwa kuuamulia ubao ule bila kumuuliza mtu anayejua. Mzee Bakari alijua bahari, hakuulizwa. Na mimi je? Nilikuwa na mchongaji wa miaka arobaini nyumbani mwangu, amenusa mti, ameniuliza swali moja, nikamfungia mlango kwa maneno machache. Mficha uchi hazai. Tumelisema sana hilo shuleni, tukaliandika kwenye insha, tukapewa alama.

Sina hakika kama vijiti na fimbo vitatosha. Bwana Njoroge anaweza kusema tena kwamba kijiti chaweza kutoka popote. Ubao wenyewe umekwisha, ukingo ni majivu, na maji yaliyomwagika hayazoleki, sembuse haya ya kuchotwa kwa kibuyu. Chombo kile kinaweza kusagwa Jumatatu hata nikifika, na kazi ya Injinia nitaikosa, na labda nyingine zote. Najua pia kwamba kuna kitu kimoja tu ambacho hakiwezi kutoka popote, nacho ni mwandiko wangu.

Kesho tutateremka Salama na gari la kwanza, na kutoka hapo hadi Nairobi, mimi na Baba. Ameshatoa koti lake la kanisani na Mama analipiga pasi sasa hivi, makaa yananuka mpaka hapa nilipo. Mkebe ameufunga kwa kitambaa. Kigoda pia kinaenda. Amesema atakibeba yeye mpaka mlangoni mwa ofisi, lakini ndani nitaingia nacho mimi, kwa sababu ni changu.

Ameniuliza kama huko tutaongea lugha anayoielewa. Nimemwambia ndiyo. Akaniuliza tena, kwa hiyo najua hakuniamini.

Bado kuna mwanga wa kutosha kuandika. Nimechana karatasi ya katikati ya daftari hili, nimeandika jina langu lote na jina la Baba, na sentensi ya kwanza ya maelezo yangu kwa Bwana Njoroge, ambayo ningepaswa kuanza nayo asubuhi kabla ya chai, kabla ya Injinia na visingizio vyake:

Mstari wa kumi na nne haukuwa mchanga. Ni mimi niliyeandika mchanga.